Barua Iliyokwama Mlangoni

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Mimi, ndugu msomaji, niliuficha wangu siku mbili nzima, nusura binti wa watu akose masomo kwa sababu yangu. Keti kitako nikusimulie.

Likizo ya Aprili nilikwenda Voi kwa Mjomba. Yeye ana duka dogo la kupiga chapa karibu na steji ya matatu. Alipopata safari ya ghafla aliniachia ufunguo akisema, "Wewe si ndiwe bingwa wa kompyuta? Haya, linda duka." Kichwa kikanivimba kama andazi.

Jumatano akaja mzee mmoja, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu. Alishika fomu ya binti yake ya kuomba ufadhili wa masomo ya uuguzi. Ilitakiwa ifike kwa barua pepe kabla ya saa kumi na moja jioni, siku ya Ijumaa. Nikaipiga skani, nikaiambatisha, nikabonyeza "Tuma". Mara kikachomoza kidirisha chenye mistari minne ya Kiingereza. Nikakifunga bila kukisoma, kama mtu afukuzaye nzi. "Imeenda, mzee wangu," nikamwambia, nikapokea shilingi 50 zake.

Jioni nikaiona barua ile imelala katika kisanduku cha barua zinazotoka. "Labda mtandao ni mzito," nikajisemea. Alhamisi ilikuwa bado pale pale. Ajabu ni kwamba barua za wateja wengine zilikuwa zikiingia kama kawaida. Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Nikachomoa waya wa mtandao, nikaurudisha. Wapi! Nikashuku kuwa kiambatisho ni kizito. Nikakipima: megabaiti 3 tu, ilhali huduma nyingi hukubali hata 20. Kumpigia Mjomba simu niliona haya, maana angejua kwamba bingwa wake ni bingwa wa mdomo tu.

Ijumaa saa nne asubuhi mzee akarudi. "Mwanangu, wamejibu?"

Jasho likanitoka. Nikaviangalia vile viatu vyake, nikashindwa kudanganya tena. "Nisamehe mzee. Haijaenda."

Hakunifokea. Aliketi kwenye benchi, akavua kofia, akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa tutafanyaje?" Heri angenizaba kofi.

Nikampigia Mjomba. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Kidirisha kilisema nini?" Nikabonyeza "Tuma" tena, na mara hii nikasoma: seva ya kutuma haikuitika kwenye poti 25.

"Ala! Kumbe ni hiyo," akasema Mjomba. "Wiki jana nilihama kampuni ya mtandao. Hawa wapya wameufunga mlango huo."

Akanieleza kwamba kupokea barua na kutuma barua ni kazi mbili, na kila moja ina mipangilio yake. Ndiyo sababu nyingine ziliingia na yetu haikutoka. Utaratibu wa kutuma, yaani SMTP, uliandikwa mwaka wa 1982, na poti yake ni 25. Baadaye kompyuta zilizoambukizwa virusi zikawa zinamwaga barua taka kupitia mlango huo, basi kampuni nyingi za mtandao zikawafungia wateja wao. Tangu 1998 poti 587 ilitengwa ili mtu akabidhi barua zake kwa seva yake mwenyewe.

Nikaingia katika mipangilio ya seva ya kutuma, nikafuta 25, nikaandika 587. Nikajaribu. Kidirisha kingine! Lakini sasa nilikisoma: seva inataka mtumaji ajitambulishe.

"Vizuri!" Mjomba akacheka. "Mlango umefunguka. Sasa bawabu anauliza wewe ni nani."

Nikachagua STARTTLS ili maneno yasafiri kwa siri, nikaandika jina na nenosiri alilonitajia herufi moja moja. Nikabonyeza. Kisanduku cha zinazotoka kikabaki kitupu.

Sikumwambia mzee kwamba imeenda. Nilimwonyesha kwanza ilivyohamia kwenye zilizotumwa, kisha tukangoja sote wawili. Saa saba na dakika kumi jibu likaingia: fomu imepokelewa. Mzee akafunika uso kwa kofia yake. Nilipomrudishia zile 50 alikataa. "Kanunue soda," akasema. "Lakini siku nyingine niambie mapema."

Wanafunzi wenzangu, barua pepe ikigoma kutoka msikimbilie kuzima na kuwasha. Someni kwanza kilichoandikwa, kisha mtazame poti, jina na nenosiri la upande wa kutuma. Mashine ile ilikuwa imeniambia kosa langu tangu Jumatano; ni mimi niliyekataa kusikia. Nami ningalisema ukweli siku hiyo hiyo, mzee wa watu asingalilala siku mbili akingojea jibu la barua ambayo haikuwa imetoka dukani.