Rangi Itasubiri



Juma hili tunapenda kuwashirikisha kazi ambayo imejaza siku zetu za mapumziko kwa zaidi ya mwaka mmoja: kulitengeneza kwa mikono yetu wenyewe gari la spoti la mjomba wetu, lililokaa miaka mingi bandani kwake Mombasa. Ni Datsun 240Z, gari la milango miwili, lenye boneti ndefu na injini ya silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja. Wazee wa rika lake wanalifahamu vema. Gari la aina hiyo lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Lilikuwa zuri kulitazama, na bado likastahimili vumbi na matope ya barabara zetu.

Mjomba anaugua presha ya macho. Alikwisha kuelezwa kwamba uwezo wa kuona uliopotea kwa maradhi hayo haurudi. Dawa husaidia tu kuulinda ule uliobaki. Ndiyo maana alipotukabidhi funguo, sisi wapwa wake wawili, alikuwa na ombi moja tu: alione gari lake likiwa jekundu tena. Lilikuwa ombi la haki, tena jepesi, kwani rangi hupigwa kwa siku chache.

Tukalipandisha gari kwa jeki, tukaliegemeza juu ya stendi za chuma, kisha tukaingia chini yake na taa na nyundo ndogo. Bamba zima likigongwa hulia kwa sauti kali. Lililoliwa na kutu hutoa mlio mzito, kama kugonga kopo lenye mchanga. Chini ya miguu ya dereva tulisikia mlio huo wa pili. Tulipokwangua, tuliona kwamba fundi fulani wa zamani alikuwa ameziba mashimo kwa ujiuji wa plastiki na kupaka rangi juu yake. Hewa ya chumvi ya pwani iliendelea na kazi yake humo ndani, kimyakimya.

Gari la namna hii halina fremu nzito iliyo peke yake kama ya lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na nguvu yake imo katika sakafu na mihimili ya bamba iliyochomelewa chini yake. Kutu ya mahali hapo si doa la urembo. Gari lenye sakafu iliyooza laweza kung'aa barazani, lakini likipatwa na ajali halitamlinda aliyekaa ndani.

Basi tulikuwa na njia mbili. Tungeweza kupiga rangi kwanza, mjomba akafurahi angali akiona, na ya chini yangefuata baadaye. Au tungeanza chini, tukijua kwamba miezi ingepita na macho yake hayangetungojea. Tulimweleza yote bila kumficha. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Wajomba, asikae mtu juu ya kutu kwa ajili ya macho yangu. Rangi itasubiri."

Kuchomelea tulimwachia fundi mwenye ujuzi huo, kwa maana kujitengenezea gari hakumaanishi kujifanya bingwa wa kila kitu. Yaliyobaki tuliyashika sisi. Tulibadilisha mafuta ya breki yote, kwa kuwa mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita. Unyevu huo huleta kutu ndani ya mfumo, na breki zikipata moto mkali huweza kukosa nguvu. Baada ya kumaliza tulimwomba fundi mwingine azikague, kwa sababu breki zinalinda pia watu wapitao njiani. Kisha tulipima nafasi za valvu injini ikiwa moto: milimita 0.25 kwa zinazoingiza, milimita 0.30 kwa zinazotoa. Ni tofauti ndogo mno kwa jicho, lakini injini huitambua.

Kabureta ndizo zilizoturudisha kwa mjomba. Injini hii ina mbili, na sharti zivute hewa kwa kiasi kilicho sawa. Zikitofautiana, injini hutetemeka na kukosa utulivu. Njia ya kale ya kuzilinganisha ni kushika ncha moja ya kipande cha mpira wa maji kwenye mdomo wa kabureta, na ncha ya pili sikioni. Sisi tulisikia mvumo tu. Mjomba akavuta kigoda, akasikiliza ya mbele, kisha ya nyuma, akasema, "Ya nyuma inavuta zaidi. Ipunguze kidogo." Tukazungusha skrubu. "Bado." Tukazungusha tena. Injini ikatulia, ikanguruma kwa sauti moja, na mzee akaendelea kukaa pale, mpira ukiwa bado sikioni.

Wapendwa, kila kitu kilichozeeka, kiwe gari, nyumba au uhusiano wa ndugu, hutuwekea swali lile lile: je, tutaanza na kinachoonekana, au na kinachobeba uzito? La kwanza husifiwa upesi. La pili laweza kutunyima furaha tuliyoitamani, nasi tusidanganyane kwamba halina gharama. Tangu kazi ianze, jicho la kushoto la mjomba limezidi kufifia, na gari bado lina mabaka ya kijivu. Hatuna hakika kwamba rangi itamwahi.

Lakini sakafu ni nzima. Mwezi uliopita alikaa upande wa abiria, akakanyaga kwa nguvu mahali palipokuwa na shimo, akatuambia twende.