Mungu Aliyeshuka Mlima Polepole

Kazi ya katekista ni kujibu maswali, lakini si kila jibu ni jibu jema. Siku moja tulikuwa tukiwafundisha wakatekumeni katika kijiji cha kando ya ziwa Tanganyika. Mama mmoja mzee akauliza: «Mwalimu, kabla mapadri hawajafika, mababu zetu walipomlilia Leza, nani aliwasikia?» Sisi, kwa haraka ya mtu aliyetoka seminari juzi, tukajibu: «Hakuna aliyewasikia, mama. Walikuwa gizani.» Mama akanyamaza. Dominika iliyofuata hakuja, wala ile ya pili.

Jibu lile lilitukaa rohoni kama mwiba. Baadaye tulisoma habari za safari ya Papa Fransisko katika nchi ya Latvia, mwezi wa Septemba 2018, tukataka kujua imani ya mababu wa watu wale. Huko ndiko tulikoliona kosa letu.

Latvia ni nchi ndogo ya Ulaya ya kaskazini, kando ya bahari ya Baltiki. Watu wake wa kale walikuwa wakulima na wafuga nyuki. Walitaja wakubwa wengi: Saule, yaani jua, ambaye kwao ni mwanamke; Mēness, yaani mwezi; Pērkons, mwenye radi; Laima, anayempangia mtu maisha yake tangu kuzaliwa. Lakini juu ya wote walimweka Dievs, mwenye mbingu. Aliyesikia Misa ya Kilatini atatambua mara moja kwamba Dievs na Deus ni maneno ya ukoo mmoja. Walatvia hawakuliazima jina hilo kwa mapadri. Yote mawili yametoka katika shina moja la kale sana, lililotaja mwanga wa mbingu.

Dievs alikuwa Mungu wa namna gani? Habari zake zimehifadhiwa katika nyimbo fupi ziitwazo daina, nyingi za mistari minne tu, ambazo wanawake hasa waliziimba kazini, arusini na mazikoni. Bwana Krišjānis Barons alizipanga na kuzichapisha katika vitabu vilivyotoka kati ya mwaka 1894 na 1915, nyimbo karibu 218,000. Vikaratasi vyake aliviweka katika kabati yenye visanduku vingi, nayo imehifadhiwa mjini Riga.

Katika nyimbo hizo Dievs si mfalme wa kutisha. Ni mzee mwenye shamba juu ya mlima wa mbinguni, amevaa joho la rangi ya majivu, ana farasi wake na wana wake. Akishuka kuwatembelea watu, hushuka polepole, asije akatikisa maua ya miti wala kumshtua farasi wa mtu anayelima. Katika hadithi huja kama mzee maskini na kupiga hodi, apate kujua nani ana huruma na nani hana. Tena Walatvia humwita Dieviņš, kwa namna ya upendo, kama vile mtu anavyomwita mpenzi wa nyumbani mwake.

Ni kweli, nyimbo hizo ziliandikwa baada ya Injili kukaa kule karne nyingi. Wataalamu hubishana ni maneno gani ya kale kabisa na ni yapi yaliyopata rangi ya Ukristu. Lakini jina lenyewe ni la kale. Hilo halina shaka.

Sasa tusikie jinsi Injili ilivyofika. Padri Meinhard alitoka Ujerumani pamoja na wafanya biashara, akapanda mto Daugava, akajenga kanisa pale Ikšķile, na mwaka 1186 akafanywa askofu. Yeye alianza kwa neno. Watu wa pwani ya mto ule, Walivi, jirani za mababu wa Walatvia, walimwahidi kubatizwa akiwajengea ngome ya mawe ya kuwakinga na adui. Ngome ilipokwisha, waliingia mtoni wakaoga, wapate kuuondoa ubatizo. Meinhard akafa mwaka 1196. Askofu wa pili, Berthold, alikuja na askari, akauawa vitani mwaka 1198. Wa tatu, Albert, aliuanzisha mji wa Riga mwaka 1201, na mwaka uliofuata likaundwa shirika la Ndugu wa Upanga. Vita viliendelea karibu miaka mia, na nchi ikawa ya mabwana wageni.

Tusifiche neno. Walioshika upanga ule walikuwa Wakristu kama sisi. Mtu akiingia mtoni kuyaosha maji ya ubatizo, tusimcheke upesi. Kwanza tuulize maji yale aliyapewa kwa mkono gani.

Lakini tazameni jambo hili: jina halikutupwa. Katekisimu ya Petrus Canisius ilichapwa kwa Kilatvia mwaka 1585, nayo ni kati ya vitabu vya kwanza vya lugha ile. Waliowafundisha Walatvia hawakuwaletea jina geni la Mungu. Leo Mkatoliki anayekwenda kuhiji kwa Bikira Maria pale Aglona, na Mluteri wa Riga, wote wawili wakisali husema Dievs. Hata wale wachache walioanza mwaka 1925 kuirudisha dini ya mababu humwita kwa jina hilohilo.

Hatusemi kwamba daina zatosha. Mzee yule wa mlimani hakupanda msalabani. Habari ya Mwana aliyekufa kwa ajili yetu, hiyo Walatvia waliletewa, kama sisi. Lakini mtume Paulo alipofika Atene na kuiona altare ya Mungu asiyejulikana, hakuivunja. Alianzia hapo kuhubiri. Sisi tulikuwa tumeivunja altare ya mama yule kwa neno moja.

Basi tulikwenda kwake kwa miguu. Tulimkuta akipura maharagwe. Tukamwambia: «Mama, tulikosa. Aliyewasikia mababu ni yeye yule tunayemwita Baba.» Tukamsimulia habari za Dievs na farasi wake. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikifanya kazi.

«Na farasi yule hakukanyaga mimea?»

«Hakukanyaga, mama.»

«Anajua shamba,» akasema. Halafu akatutazama. «Dominika nitakuja, mwalimu. Lakini usiseme tena kwamba mama yangu alilia bure.»

Hatukusema tena.