Bembea, Ukuta na Muhuri: Safari ya Likoni, Changamwe na Kisauni

Ukisimama kivukoni Likoni wakati wa alasiri, macho huvuka maji kabla ya miguu. Ng'ambo huonekana mibuyu mikongwe ya Mama Ngina, bustani iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, na watoto wengi wa huku bara huijua kwa kuitazama kabla ya kuikanyaga. Feri haimtozi kitu mwenye kwenda kwa miguu, lakini mama mwenye watoto watatu anajua kwamba bure hiyo ina gharama zake: msongamano, jua, na hofu ya kurudi baada ya Maghribi. Ndiyo maana kiwanja kidogo cha mtaani, chenye bembea mbili na mwarobaini mmoja, kina thamani kwetu kuliko bustani yote ile ya ng'ambo.

Mtaa wetu hatuutaji. Itoshe kusema kwamba mwaka jana mnyororo wa bembea moja, ulioliwa na kutu kama kilivyo chuma chochote kilicho jirani na bahari, ulikatika binti wa jirani yetu akiwa juu yake. Alivunjika mkono. Lililotuuma zaidi ni kwamba tulikuwa tumekwisha kusema. Tulisema kwa simu. Tulimwambia kijana mmoja wa ofisini tuliyekutana naye harusini. Na kila tuliyemwambia alitusikiliza kwa adabu, akasema inshallah litaangaliwa. Hapana aliyeandika neno, nasi pia hatukuandika. Tulipokwenda kuuliza baada ya ajali, ofisi moja ilitujibu kwamba haikuwa na habari yoyote ya bembea hiyo, na kwa hakika haikuwa nayo.

Basi Jumamosi moja tukatoka, akina mama wanne, kwenda kutazama wenzetu wa bara nyingine wanavyoyaendea mambo haya.

Tulivuka kisiwa, tukashuka kwanza Kibarani, kwenye njia ya kwenda Changamwe. Wasomaji wa umri wetu hawahitaji kukumbushwa harufu ya mahali hapo. Kwa miaka mingi taka za mji zilimwagwa pale, kando ya maji, na abiria walifunga madirisha ya gari kabla hawajafika. Katika siku za gavana wa kwanza wa kaunti, Hassan Joho, jaa lile lilifungwa, ardhi ikasawazishwa, ikapandwa miti. Taka zikapelekwa Mwakirunge, Kisauni. Maana mji hauzipotezi taka zake, huzihamisha tu. Hata hivyo tulisimama pale tukavuta pumzi, jambo ambalo mama zetu wasingelisadiki.

Changamwe ni mji wa malori na makontena, na nafasi ya mtoto kukimbia ni haba. Huko alitupokea mwalimu mstaafu, bibi wa makamo, ambaye ana daftari la jalada gumu. Kila taa iliyozimika katika njia ya madrasa imo humo, pamoja na nambari ya nguzo ikiwa ina nambari, tarehe, na duka lililo mkabala nayo. "Wanangu," alituambia, "ukiandika kwamba mtaa una giza, umeandika shairi. Andika taa ya ngapi." Barua yake moja hubeba jambo moja tu. Huipeleka kwa msimamizi wa wadi ikiwa nakala mbili, na haondoki mpaka nakala yake ipigwe muhuri wenye tarehe.

Ni yeye aliyetueleza kwamba Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka bustani, fukwe na viwanja vya burudani mikononi mwa kaunti, na kwamba kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma. Na anayetaka kujua bembea ilikaguliwa lini, na ni kazi ya nani kuitengeneza, aulize kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016: ofisi yapasa ijibu ndani ya siku 21. Tuliona haya kidogo. Sote tumesoma, na hakuna hata mmoja wetu aliyeyajua hayo.

Tulirudi kisiwani, tukavuka daraja la Nyali hadi Kisauni. Bamburi ina bustani nzuri kuliko zote za bara, ile ya Haller, iliyoota ndani ya machimbo ya kiwanda cha saruji baada ya René Haller kuanza kupanda mivinje mwaka 1971. Lakini hiyo ina mlango, ina kiingilio, na ina mwenyewe. Kiti kikivunjika, mlalamikaji anajua wa kumwendea. Kiwanja cha umma hakina mlango wa kubisha.

Kilichotupeleka Kisauni hasa ni ukuta. Ukuta unaopakana na kiwanja chetu umejaa matangazo ya waganga na maandishi ya kuwakataza watu kujisaidia hapo, nasi tulitamani kuupamba. Kijana mmoja mchoraji, aliyeanzia kwenye matatu, alituuliza swali ambalo hatukulitarajia: ukuta ni wa nani? Tulidhani ni wa umma. Kumbe una mwenyewe, na idhini yake ya maandishi hutangulia kibali cha kaunti. Ungekuwa kwenye hifadhi ya barabara kuu, tungeulizwa na KeNHA. Ungekuwa wa jengo la kale lililotangazwa turathi, ingehusika sheria ya makumbusho ya mwaka 2006. Alitushauri tuambatanishe mchoro wenye vipimo na jina la atakayeupaka upya rangi ikichuja.

Ndani ya feri tulibishana kuhusu mchoro wenyewe. Mmoja wetu alitaka aya. Mkubwa wetu akakataa, akisema mbuzi hujisugua pale na taka hutupwa chini yake. Tukakubaliana na nakshi za milango ya kale, na pindo la leso kuzunguka.

Barua ya bembea ilipigwa muhuri. Siku ya 16 walikuja mafundi wawili, wakaziondoa bembea zote mbili, ile mbovu na ile nzima, wakaenda zao. Watoto sasa huning'inia kwenye vyuma vilivyobaki. Mwenye ukuta ametia sahihi, kwa sharti kwamba rangi ya chini iwe nyeupe, kibali bado. Barua ya pili, ya kuomba bembea zirudishwe, ilipokewa Jumatatu, na nakala yake imo ndani ya daftari letu jipya la jalada gumu.