Sekunde Nane

Kwenye prosesa za Intel za kizazi cha Haswell, za mwaka 2013, kujumlisha namba mbili za desimali huchukua mapigo 3 ya saa yake. Kuzidisha ni mapigo 5. Kuna pia amri inayozidisha na kujumlisha kwa mpigo mmoja, nayo huchukua 5. Ukiangalia haraka, utasema hiyo ya mwisho ni bure kabisa. Mbili kwa bei ya moja, nani hataki?

Mimi ni mwandishi, lakini makala hulipa bando tu. Nyumba hapa Keumbu hulipwa na programu ndogondogo. Mojawapo hukadiria mavuno ya majani chai kutokana na mvua: inazidisha, inaongeza kwenye jumla, inarudia. Mteja huiendesha mara elfu kila usiku. Ghafla sekunde 12 zikawa 20, na msimbo haujaguswa. Akaniandikia, "Ndio maana huwa tunauliza cheti." Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwisha, na yeye anajua. Malipo ya mwezi akayashika.

Stima ilikuwa sawa, feni pia. Kilichobadilika ni kompaila: mashine yake ilikuwa imejisasisha, Clang 13 ikawa 14. Laptopu yangu ya mtumba ina prosesa ya rika lilelile, kwa hivyo nikaziweka zote mbili na kuzipa msimbo mmoja. 12 na 20, kila mara. Nikafungua asembli. Palipokuwa na amri mbili, vmulsd na vaddsd, sasa ilikaa moja tu, vfmadd231sd.

Twende sokoni, palipo na ndizi. Kijana anapiga hesabu ya kila mzigo, mikungu mara bei; mama mwenye daftari anaongeza kwenye jumla. Kijana hamngoji mama, akimaliza mzigo anaingia mwingine. Sasa mpe mama kazi zote mbili. Hata awe na kichwa chepesi namna gani, mzigo wa pili hauanzi kabla jumla ya kwanza haijaandikwa. Foleni iliyosogea kila mapigo 3 sasa inasogea kila mapigo 5. Zidisha 12 kwa 5, gawanya kwa 3. Manze, nilicheka peke yangu usiku.

Sitailaumu kompaila. Amri hiyo imo kwenye kanuni za IEEE 754 tangu 2008, na hukata desimali za ziada mara moja badala ya mbili, kwa hivyo mara nyingi jibu huwa sahihi zaidi. Clang 14 iliifanya kuwa kawaida pale prosesa inapoiruhusu. Nikaongeza -ffp-contract=off, sekunde 12 zikarudi. Nilimtumia mteja kurasa mbili za asembli bila maneno mengi. M-Pesa ikaingia siku hiyo hiyo.

Ipo njia kali zaidi: jumla nne zinazoenda sambamba, kisha uziunganishe mwishoni. Niliijaribu, ikaziacha hizo 12 mbali. Lakini ukibadilisha mpangilio wa kujumlisha, tarakimu za mwisho nazo hubadilika, na ripoti zake hulinganishwa na za msimu uliopita tarakimu kwa tarakimu. Nimeiweka kwenye folda yake. Msimu mpya ukianza nitamwonyesha, na bei yake juu.