Mwaka Unaisha Makunduchi

Kwa watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka hauishi Desemba. Huisha Julai, kwa Mwaka Kogwa, sherehe iliyotokana na Nairuzi ya Washirazi. Julai iliyopita nilipanda daladala kutoka mjini na mwanangu wa miaka tisa, nikidhani nampeleka kutembea tu.

Wanaume walipigana kwa vigogo vya migomba, upande huu na upande ule, kweli kweli, ingawa mgomba ni laini. Hapo ndipo vinyongo vya mwaka mzima humalizwa. Kisha kibanda cha makuti kikachomwa moto, aliyekuwa ndani akatoka mbio, watu wakashangilia. (Ukienda na wadogo, simameni mbali na moshi.) Wanawake waliovalia wakapendeza wakaimba nyimbo za mafumbo na utani. Bibi mmoja akanivuta mkono niingie.

Mwanangu akaniuliza, "Mama, na wewe una mtu wa kumpiga na mgomba?"

Nikanyamaza. Mimi na dada yangu tulikuwa hatujasemezana tangu arobaini ya mama, kisa gharama za msiba.

Huko husemwa kuwa asiye na mgeni siku hiyo hana bahati, basi tukakaribishwa wali nyumbani kwa watu tusiowajua. Kabla sijanawa mikono nikampigia dada. Hakupokea. Jioni, tukiwa kwenye daladala, ukaingia ujumbe: "Mtoto hajambo? Mko wapi?"