Sifa, Deheni na Oili

Katika Kiswahili cha pwani neno sifa lina maana mbili. Moja yajulikana na kila mtu, nayo ni lile jambo ambalo mtu hutajwa kwalo. Ya pili inazidi kusahauliwa: sifa ni mafuta ya papa, yenye harufu kali isiyozoeleka, ambayo mabaharia walipaka mbao za chombo ili zisipasuke kwa jua na chumvi. Sehemu ya chini, inayozama majini, haikupewa sifa. Hiyo ilipakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, kuwazuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Nahodha aliyeijua kazi yake hakuuliza mafuta ya ghali ni yapi. Aliuliza yanakwenda wapi, na yatakutana na nini huko.

Suali hilo hilo linamkabili mwenye gari kongwe la njia za mashamba, ingawa aghalabu halimjii. Huingia dukani akasema, "Nipe oili," kama kwamba oili ni moja.

Tuichukue Land Rover ya Series III, iliyoundwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Nyingi katika hizo zina injini ya petroli ya silinda nne, yenye ujazo wa sentimita 2,286, ambayo asili yake ni ya 1958. Ni injini ya vyuma vizito na mwendo wa taratibu. Hunywa takriban lita 6 za oili, na iliyokusudiwa kwa nchi za joto ni ile iliyoandikwa 20W-50.

Maandishi hayo yana mizani yake, na asiyeijua husoma bila ya kuelewa. Mpango wa kuzipa oili namba ulianzishwa mwaka 1911 na SAE, jumuiya ya wahandisi wa magari ya Marekani. Herufi W inasimama badala ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Namba iliyo kabla yake hueleza jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, na iliyo baada yake hueleza uzito wake inapofikia joto la nyuzi 100. Oili ya 0W-20 ni neema kwa mtu wa Norway anayewasha gari jipya thelujini. Kisiwani Pemba, ambako hata usiku wa kipupwe joto halishuki sana chini ya nyuzi 20, neema hiyo haina wa kumfaa. Tena ile 20 ya nyuma imekusudiwa injini za kisasa zenye nafasi finyu baina ya vyuma. Ukiitia katika injini kongwe iliyolika, hupita penye nafasi kama maji penye tenga, na nguvu ya msukumo wake ikaanguka.

Basi je, dawa si kuitia nzito zaidi? Hapa ndipo wengi wanapoponzeka, na hapa ndipo jambo linapotoka katika ufundi likaingia katika dhamira.

Kijana mmoja wa Chake Chake alifiwa na ami yake, akawekwa kuwa wasii. Miongoni mwa mali iliyoachwa ilikuwamo Land Rover ya 1978, na warithi walikuwa mjane na watoto wadogo watatu. Mnunuzi alipatikana, mkulima wa upande wa Wete aliyetaka gari la kubebea karafuu. Lakini injini ilikuwa ikigonga kwa chini kila inapopanda mlima, na moshi wake una rangi ya buluu. Jirani mwenye nia njema akamshauri kijana aimwage oili iliyomo, atie nzito kabisa ya namba 50 isiyo na W, kisha aongeze mkebe wa ile dawa ya kunata iuzwayo madukani. Kelele ingekufa, moshi ungepungua, na bei ingesimama. Wala haikuwa kwa tumbo lake. Ilikuwa kwa ajili ya mayatima.

Kijana akaenda kwa fundi mzee aliyeihudumia gari hiyo tangu enzi za marehemu. Fundi akaiwasha mpaka ikapata moto, akafunga saa ya kupimia msukumo wa oili, na mshale ukashuka kila injini ilipotuliwa. Akaimwaga oili katika karai, akaiangaza juani. Ndani yake mlikuwa na chembe ndogo zenye kumeta, masalio ya beringi zinazosagika.

"Mwanangu," akasema, "ukiitia nzito itanyamaza. Lakini kunyamaza si kupona."

Akamweleza sababu. Oili nzito mno huchelewa kufika juu ya injini inapowashwa asubuhi, na vyuma husuguana vikavu kwa kitambo. Pampu huisukuma kwa taabu. Ule uzito haurejeshi chuma kilicholika hata chembe. Hujaza nafasi tu, na kuziba sikio la dereva asisikie. Baada ya miezi michache beringi huachia, pengine njiani na magunia ya karafuu yakiwa mgongoni mwa gari. Wahenga walikwisha kusema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Tofauti ni kwamba hapa maradhi yangefichwa na mmoja, na kuumbuka kungempata mwengine.

"Sasa, ami, na haki ya watoto?" kijana akauliza.

"Haki yao ni thamani ya gari. Si thamani ya kimya chake."

Akaitia 20W-50 ya kawaida na filta mpya, akaiacha igonge. Mnunuzi alipokuja aliisikia kwa masikio yake, akaonyeshwa na zile chembe. Bei ikapungua kwa kiasi cha beringi mpya na kazi ya kuzitia. Mjane hakuficha kuwa pesa zile zilizopungua alikuwa na shida nazo, na kijana hakuwa na jibu la kumpa ila kuwa amefanya alivyoamini. Jambo la haki halikosi mtu wa kulilipia, na si kila mara huwa yule anayestahiki.

Kwa wanaobaki na gari zao, elimu si kubwa. Oili za leo zina sabuni ndani yake. Zikiingia katika injini iliyozoea uchafu wa miaka mingi huubandua, kwa hivyo mara ya kwanza zibadilishwe mapema pamoja na filta. Wako wanaohofia kuwa oili mpya zimepunguzwa viungo vya kuzuia msuguano. Hofu hiyo ina asili, kwani tangu daraja la SM la 2004 fosforasi ilipunguzwa katika oili nyepesi. Lakini 20W-50 haikubanwa na kipimo hicho, na injini hii ya Land Rover ina magurudumu madogo yanayobiringika juu ya kamshafti, hivyo msuguano wake ni mdogo. Tena safari za kisiwani ni fupi. Injini haipati muda wa kukausha unyevu na petroli inayochuruzika ndani ya oili, kwa hivyo mwenye gari ahesabu miezi, asingojee kilomita pekee. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na gari lisiwashwe tena mpaka ijulikane yametokea wapi.

Na kila anapochomoa kijiti cha kupimia, akifute kwa kitambaa cheupe. Kitambaa cheusi hakionyeshi kitu.