Ute wa Shubiri

Jumatatu, 4 Machi 2024
Majani ya shubiri yamefika kutoka kwa mama muuza dawa wa Kariakoo, yangali na udongo. Nimeyasimamisha kwenye beseni utomvu wa njano uchuruzike. Huo ndio wenye aloini, unaoharisha, siuhitaji. Nautaka ute wa ndani, ambao karibu wote ni maji. Nimeusaga, nikauchuja, nikaumwagia ethanoli baridi. Nyuzi nyeupe zikajikusanya kama pamba iliyolowa: asemanani.

Jumatano, 6 Machi
Asemanani ni mnyororo mrefu wa sukari ya manozi, kaboni ya kwanza ya moja imeshikana na ya nne ya inayofuata kwa kifungo cha beta, na vikundi vya asetili vimening'inia. Kwenye infraredi, kilele cha asetili kimesimama wazi karibu na 1740 cm⁻¹.

Jumanne, 12 Machi
Makrofaji za panya, seli za kinga, zimelala na asemanani usiku kucha. Leo nimetia kitendanishi cha Griess, visima vikageuka waridi: seli zimeamka, zimetoa nitriki oksidi. Mwenzangu akapiga makofi. Nikamwambia, dada, ngoja kwanza. Lipopolisakaridi, kipande cha ukuta wa bakteria, huziamsha seli hizi kwa nanogramu chache tu, na majani haya yametoka udongoni. Kuchemsha hakusaidii, bakteria hufa, kipande hubaki. Inaniudhi kusoma makala inayousifu mmea kwa kuongeza kinga bila kutaja kama lipopolisakaridi ilipimwa.

Ijumaa, 15 Machi
Nimerudia, safari hii visima vingine vina polimiksini B, inayoikamata lipopolisakaridi. Waridi imefifia mno, ila haikuisha. Basi sehemu kubwa ya sifa ilikuwa ya bakteria.

Profesa anashauri ning'oe asetili kwa sodiamu hidroksidi. Nguvu ikishuka, tutajua asetili ndiyo yenye kazi. Nimembishia kwa adabu. Hidroksidi hiyohiyo huivunja na lipopolisakaridi, kwa hiyo nguvu itashuka vyovyote vile na hatutajua ni kwa sababu ipi. Kwanza tuisafishe asemanani, tuipime kwa kitendanishi cha damu ya kaa wa Limulus, ambacho huganda kikikutana na uchafu huo, ndipo tung'oe asetili. Amekubali, kwa kuguna. Kitendanishi ni ghali na lazima kiagizwe nje; fomu ya maombi iko kwa mhasibu. Kwenye muhtasari wa kongamano nimemwomba Profesa grafu ya Jumanne isiende bila ya leo.